Mibambakofi Tisa ya Kitsao

Mbodze alikuwa na mdomo, na Minjila nzima ilijua. Mteja akifika kwake kununua miche saa nne za mchana, anafukuzwa. "Saa nne! Wewe mamako alikuzaa akakuanika juani? Rudi kesho alfajiri, na uje na gunia lililolowa." Watu walicheka, wengine walinuna, lakini kesho yake alfajiri walirudi, kwa sababu miche ya Mbodze ilikuwa haifi.

Yeye hakuuza miche ya mifukoni kama wenzake wa barabarani. Ile ya mifuko ya plastiki unaibeba na udongo wake, pikipiki inachukua ishirini, ikizidi sana thelathini, na ukifika kwako nusu ya udongo umemwagika njiani. Miche ya Mbodze iliota tutani, ardhini kabisa, ikang'olewa siku ile ile ya kuuzwa, mizizi mitupu. Mtu alifunga mia kwenye gunia moja, akaipakata kama mtoto, akaenda zake. Mikuyu, mikwaju, mikindu, mivule. Miti ya huku huku kwetu, si ya kuletwa na meli.

Ujuzi wenyewe ulikuwa wa mumewe, Kitsao. Kila baada ya miezi mitatu walipitisha waya chini ya tuta, yeye ncha hii, mkewe ncha ile, wakavuta mpaka mizizi mikuu ikakatika huko chini isikoonekana. Mche ukikatwa mzizi mkuu unakasirika, unatoa mizizi midogo midogo kama nywele, na hiyo ndiyo inayouokoa siku ya kuhama. Ukishang'olewa, mizizi inachovywa kwenye uji mzito ili isikauke. Uji huo Kitsao aliukoroga mwenyewe ndani ya karai, na mtu akiuliza una nini, alijibiwa, "Una uji." Kumbe si kitu cha ajabu hata kidogo: udongo wa mfinyanzi wa mtoni na mavi mabichi ya ng'ombe. Lakini mzee aliona raha kuwa na siri, na Mbodze akairithi siri pamoja na karai.

Kitsao alikufa mwezi wa nane, homa ya siku sita, ana miaka sitini na tisa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameokota mbegu chini ya mti wa mbambakofi uliosimama ukingoni mwa mto, nyuma ya shamba lao. Ulikuwa wa mwisho upande ule. Mingine yote ilishapitiwa na misumeno, ikawa milango na vitanda vya watu wasiojua hata Garsen iko wapi. Mbegu zake unazijua, nyeusi zenye kofia nyekundu, watoto huzichezea. Ganda lake ni gumu kama roho ya karani, kwa hiyo Kitsao alizikwaruza kwa tupa moja moja, arobaini, akazipanda juu ya kichuguu ambako maji ya mto hayakuwahi kufika. Panya wakala zao, majongoo wakala zao. Alipolala kitandani siku zake za mwisho, ilikuwa imebaki miche tisa, na aliiulizia kila asubuhi kama mtu anavyoulizia wajukuu.

"Mitatu niwekee mimi," alimwambia mkewe. "Kichwani pangu. Hiyo mingine fanya utakavyo, ila usimpe mtu mwenye haraka."

"Wewe nawe! Unakufa bado unanipangia kazi," Mbodze alimjibu. Kisha akatoka nje, akaenda nyuma ya choo, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mvua za vuli za mwaka huo zilikuja zikakataa kuondoka. Mto ulipasua kingo, mashamba yakawa ziwa moja kutoka Minjila mpaka huko macho yanakoishia. Ule mbambakofi mkubwa ulianguka pamoja na ukingo wake, mizizi juu, ukaondoka na maji kuelekea Kipini bila hata kuaga. Kaburi la Kitsao, nyuma ya nyumba, maji yaliligusa miguuni yakarudi. Na kichuguuni ile miche tisa ilibaki imesimama. Mbodze aliitazama akaelewa kwamba basi, damu ya mti ule imebaki hapo tu. Mbegu nyingine haiokotwi tena.

Gure alikuja mwanzo wa masika, alfajiri, na gunia lililolowa.

Mbodze alimtambua kabla hajashuka kwenye pikipiki. Huyu alikuwa Msomali wa Garsen, mfanyabiashara wa ng'ombe, na miaka mitatu nyuma ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mahindi ya Mbodze wakayamaliza kama wamealikwa harusini. Kesi ilifika kwa wazee, ikaisha. Kwa wazee iliisha. Kwa Mbodze haikuisha. Akimwona Gure sokoni aligeuza uso.

"Ng'ombe umewaacha wapi leo?" alimwuliza badala ya salamu.

"Leo niko peke yangu, mama. Nataka mti." Akafikiri kidogo. "Si mti ya matunda. Mti mrefu kabisa."

"Panda mwarobaini. Unaota haraka, mbuzi hawautaki. Pale barabarani wamejaa tele."

Gure akatikisa kichwa. Alivua kofia yake akaikunja, akaikunjua, na hapo ndipo Mbodze alipoona jinsi mtu huyu alivyokonda. Shingo ilikuwa inaelea ndani ya kola.

Alieleza polepole, Kiswahili kikimkwama. Binti yake, Hamdia, msichana wa miaka kumi na sita, alisombwa na maji ya vuli ile ile, akivuka mahali barabara ilipokatika, akitoka shuleni. Walimtafuta siku nne. Wakampata mbali, chini huko karibu na Hewani, wakamrudisha Garsen, wakamzika jioni hiyo hiyo.

"Mama yake hajamwona," Gure alisema. "Na kwetu hapa mwanamke haingii makaburini. Kila Ijumaa Khadra anakuja, anasimama nje. Ua ni ya mathenge, miiba tupu, iko juu, haoni kitu. Ananiuliza, Hamdia yuko wapi? Namwambia, pale. Anauliza, pale wapi? Ndani mwarobaini ni mingi, zote sawa sawa. Mimi nataka mti ingine. Ipande juu, ipite zote. Mama yake akiwa nje aone, aseme, mtoto wangu yuko pale."

Mbodze alijifanya anafunga kanga vizuri. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye alizika wawili wangali wachanga huko Kaloleni kabla hawajahamia Tana. Alitamani amkatalie. Alitafuta yale mahindi moyoni mwake, ile hasira ya miaka mitatu, na siku hiyo hakuipata.

"Nina mibambakofi," akasema mwisho. "Tisa tu. Nitakuuzia sita. Mitatu ina mwenyewe."

Bei ilitajwa, na Gure, mtu aliyekulia katika kubishana bei, hakubishana hata neno.

Mbodze aliichimbua kwa mti uliochongwa ncha, taratibu, anaitikisa udongo, anaukagua kila mzizi. Alipukutisha majani karibu yote, akaacha mawili ya juu, ili mche usipoteze maji njiani. Akaichovya kwenye uji, akaiviringisha kwa magamba ya mgomba, akaitia guniani. Gure alichuchumaa kando akitazama kama mtu aliyeletewa dawa.

"Hii ndani ni nini?" aliuliza, akionyesha karai.

"Uji."

"Uji ya nini?"

"Uji wa miche, mzee Gure! Wewe mbona sikuulizi ng'ombe wako wananyweshwa nini?" Akacheka, na Gure naye akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu ashuke. "Sasa nisikilize. Mizizi isione jua. Isipigwe na upepo. Leo ukifika uiweke kivulini, kesho asubuhi iwe ardhini. Shimo refu, udongo ukandamizwe kwa mguu, maji debe zima kila mche. Umesikia? Mbambakofi hausamehe."

"Nimesikia."

"Na wiki ya tano nitakuja mwenyewe kuitazama. Nikikuta mbuzi wameila, tutarudi kwa wazee."

Gure akaondoka, gunia mapajani. Mbodze alibaki anaangalia mashimo sita kichuguuni, na ile mitatu iliyobaki, myembamba kama kalamu. Aliamua kuingoja inenepe kidogo, masika yakishika sawasawa aihamishie nyuma ya nyumba. Kitsao hana haraka, alijiambia. Yeye sasa ana wakati wote.

Wiki ya tano ilipofika, Ijumaa, alipanda pikipiki akaenda Garsen. Makaburi yako nje ya mji, na ule ua wa mathenge kweli ulikuwa mrefu, umejifunga miiba kwa miiba, mtu haoni hata kisigino cha aliye ndani. Nje alisimama mwanamke mmoja, amejitanda shela nyeusi, ameuelekezea ua uso. Mbodze alimsalimia, akaitikiwa kwa sauti ya chini. Gure alikuwa amekwisha ingia. Alipotoka, alikuwa na kijiti mkononi, na kabla hajafungua kinywa Mbodze alishajua.

"Zote?" aliuliza.

"Zote sita, mama. Maji niliweka. Kila siku nilikuja. Wallahi kila siku."

Mbodze alimpokonya kile kijiti. Alikivunja juu: kikavu. Akakikwaruza kwa ukucha chini: kikavu, hudhurungi, hata tone la kijani hakuna. Kisha akageuza mizizi, akaisogeza karibu na macho. Mizizi haikuoza na haikuliwa na mchwa. Ile mizizi midogo kama nywele ilikuwa imejikunja pamoja, migumu, mitupu, haina hata alama ya uji. Mche uliokufa kwa kiu unaujua. Huu ulikuwa umekufa kabla haujafika shimoni.

"Nani ameiosha?" Sauti ilimtoka mpaka kunguru wakaruka. "Nauliza, nani ameosha mizizi? Nimekwambia isipigwe upepo! Nimekwambia mbambakofi hausamehe! Hii ilikuwa ya mwisho, mzee, ya mwisho duniani! Mume wangu ameikwaruza mbegu kwa mikono yake, akafa hajaiona ikifika magotini, mimi nakuja kukupa wewe, wewe wa ng'ombe, wewe..."

"Mimi."

Ilikuwa sauti ya yule mwanamke. Alikuwa ameinua uso, na Mbodze akaona kwamba ni kijana, hajafika hata arobaini, ila macho yake yalikuwa ya mtu aliyezeeka mwaka huu.

"Mimi ndio nimeosha," Khadra alisema. "Gure hana makosa. Alileta gunia, mimi nikanusa. Ilikuwa na mavi."

"Mavi ya ng'ombe! Ninyi si watu wa ng'ombe?"

"Nyumbani tunakanyaga kila siku, mama, si kitu. Unaosha mguu unaswali. Lakini ni najisi. Hii ilikuwa inaenda kwa mtoto wangu, inalala kichwani pake. Haiwezi kwenda hivyo."

"Si ungemwaga uji ukatia udongo mtupu! Udongo mtupu ungetosha! Ungeniuliza! Na kukausha je? Umeikausha kwa nini?"

Gure alimwambia mkewe neno kwa Kisomali, kama kumwomba anyamaze, lakini hakunyamaza.

"Hamdia sikumuosha," alisema. "Kwetu mwanamke anaoshwa na wanawake. Mama anaosha binti yake. Mimi nilikuwa nimeweka kila kitu tayari tangu siku ya kwanza, maana nilijua. Maji, sabuni, kafuri, sanda mpya. Siku nne ndani ya mto. Wanaume walimpata, wakasema mwili haishikiki. Wakafanya tayamamu, vumbi tu, mkono na uso, wakamzika. Maji yangu ilikaa kwa ndoo. Ilikaa mpaka wadudu ikaingia." Akavuta pumzi. "Halafu miti ikaja. Sita. Nikaosha, mama. Mara tatu, na sabuni, naanza mkono wa kuume. Nikapangusa na taulo mpya. Nikafukiza ubani. Nikafunga na ile sanda. Ilikaa vizuri sana. Siku nzima ilikaa kwa mkeka, mimi nikiangalia."

Yule Mbodze wa mdomo, aliyemshinda mpaka chifu kwa maneno, alikiinamia kile kijiti alichokuwa bado amekishika. Hasira ilikuwa ingali kifuani, lakini sasa haikujua iende wapi. Ikamgeukia mwenyewe.

"Mumeo aliniuliza," akasema. "Aliniuliza kilichomo ndani ya karai, nikamjibu upuuzi. Ningemwambia mavi, angesema hapana, ningekoroga udongo peke yake, yakaisha. Ni neno moja tu. Nililificha kwa ajili ya kuringa."

"Hukujua, mama," Gure akasema.

"Sikujua, ndiyo. Na miti imekufa."

Maji yakimwagika hayazoleki. Hakuaga vizuri. Alipanda pikipiki akaondoka, akamwacha Khadra pale pale alipomkuta, ameuelekezea ua uso.

Siku mbili Mbodze hakuuza miche. Waliobisha hodi alfajiri walidhani anaumwa. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, mbele ya kaburi la mumewe, akigombana naye.

"Usinitazame hivyo," alimwambia. "Najua ulichosema. Mitatu, kichwani pako. Nilisikia, mimi si kiziwi."

Kaburi lilikuwa tuta tu la udongo mwekundu lenye mawe pembeni. Mbodze akafuta pua kwa ncha ya kanga.

"Wewe nilikuosha mwenyewe, Kitsao. Ulikaa kitandani siku sita nikikupa maji kwa kijiko. Ulipokata roho nilikuosha kuanzia kichwani mpaka unyayoni, nikakukata kucha, nikakuta hata ule mwiba wa mwaka juzi ulikuwa haujatoka, nikautoa. Ulikwenda safi. Umeishi miaka sitini na tisa ukala ukashiba, mke ukanichosha. Yule mtoto alikuwa na kumi na sita. Mamake hakumwona hata kidole." Akakisogeza kigoda karibu na mawe. "Sasa niambie. Niambie wewe uliyekuwa na akili, nifanye nini?"

Alingoja kweli. Alingoja kama mtu anayetarajia kujibiwa, na aliposikia ni ndege tu wa mtoni wanaopiga kelele, alilia kwa sauti, kilio cha matanga, mpaka jirani akachungulia juu ya ua. "Tazama mambo yako!" Mbodze akamfokea, na akaendelea kulia. Alikuwa analia kwa sababu alishajua atakachofanya, na atakachofanya kilimuuma kama anamzika mumewe mara ya pili.

Siku ya tatu alimpigia Gure simu. "Mlete mkeo. Kesho, kabla jua halijatoka. Asije na sabuni."

Walikuja alfajiri ya mawingu, mvua nyepesi inanyunya, siku njema kuliko zote kwa kazi ile. Gure alibaki nje na pikipiki. Mbodze alikuwa amenunua mabeseni mawili mapya, hajayatumia, na alikwenda mtoni mwenyewe akachimba udongo wa mfinyanzi chini sana, mahali pasipokanyagwa na mnyama. Alikuwa amenawa mikono mara nyingi mpaka vidole vimenyauka.

"Tazama," alimwambia Khadra, akikoroga. "Udongo na maji. Hakuna kingine. Tia mkono wako ukague."

Khadra akatia mkono, akanusa, akaitikia kwa kichwa.

Ndipo Mbodze akaing'oa ile mitatu. Aliing'oa haraka, bila kuitazama sana, kama mtu anayebandua bandeji kidondani. Akaitia yote ndani ya beseni la pili, la maji safi, kivulini, akasogea pembeni.

"Haya, mwanangu. Osha. Mizizi isitoke juu ya maji, na usiisugue. Zaidi ya hapo osha utakavyo."

Khadra alikunja mikono ya dera. Alipiga magoti mbele ya beseni, akasema bismillahi, akaanza. Alipitisha vidole kwenye mizizi midogo, polepole, anaifumua palipojifunga, anamwagia maji kwa kiganja. Alikuwa anaongea chini chini kwa Kisomali, na katika maneno yote Mbodze alilishika moja tu, hooyo, hooyo, ambalo mama wa Kisomali humwitia mtoto wake. Alibadilisha maji mara tatu. Mara ya tatu mabega yalianza kumtikisika, na Mbodze akapiga magoti naye, akaishika miche ndani ya maji ili isielee, mikono yao minne humo ndani, na hakuna aliyemwambia mwenzake nyamaza.

Walipokwisha kuichovya kwenye udongo na kuifunga, Khadra alitazama huku na huku. Aliona kichuguu kitupu. Akaona na lile kaburi nyuma ya nyumba, halina kitu juu yake.

"Gure alisema hii mitatu ina mwenyewe," akasema. "Ni nani?"

"Hakuwa na haja nayo," Mbodze akajibu. "Nendeni, jua lisiwakute njiani."

Saa mbili asubuhi miche ilikuwa ardhini. Mbodze aliahidi hatakwenda kuitazama mpaka mwezi wa nane, na ahadi hiyo ilimtesa. Mara mbili alifika mpaka stendi akarudi. Usinicheke, alisema njiani, japo hapakuwa na wa kumcheka.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane alikwenda. Khadra alikuwa mahali pake, nje ya ua wa mathenge, na safari hii alisogea akampa nafasi, kama mtu anavyomsogezea mgeni mkeka. Wakasimama bega kwa bega. Ndani walisikia ndoo ikigonga, maji yakimwagwa, Gure akikohoa. Wote wawili walikuwa wanasikiliza kwa mwili mzima. Mbodze alijua kwamba ndani ya ua ule, kwenye mashimo matatu, kuna kila kitu alichokuwa nacho Kitsao duniani, na kila kitu alichobakiwa nacho mwanamke huyu aliye kando yake, na wao hawaruhusiwi hata kuchungulia.

Gure alitoka na ndoo tupu. Aliitua chini kwanza.

"Mbili imekufa," akasema.

Khadra akashika mkono wa Mbodze.

"Moja iko hai. Asubuhi hii nimeona. Ina majani nne, mekundu, mpya."

"Mekundu?" Mbodze akauliza. "Mekundu yanayong'aa?"

"Inang'aa, mama."

"Basi mti umeshika. Hivyo ndivyo unavyozaliwa. Umeshika!" Na akacheka na kulia pamoja. Gure akasema alhamdulillahi, akageuka upande akajifuta uso kwa kofia.

Khadra hakucheka wala hakulia. Alikuwa anautazama ua, sehemu ya juu, pale miiba inapoishia na mbingu inapoanza.

"Mama," akasema, "itachukua miaka mingapi mpaka niuone kutoka hapa?"

Mbodze alitaka kumdanganya. Alitaka kusema mitatu, minne. Lakini maisha yake yote hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu mti, ila lile neno moja la uji, na alishaona lilichozaa.

"Kumi," akasema. "Mbambakofi hauna haraka, mwanangu. Kumi, ukitunzwa."

Midomo ya Khadra ilitembea kidogo, kama mtu anayehesabu.

"Kumi," akasema. "Hamdia atakuwa na ishirini na sita."

Gure aliinama akaokota ndoo. Mbodze aliushika ule mkono wa Khadra kwa mikono yake miwili, na wakabaki wamesimama hapo mpaka adhana ya adhuhuri ikaanza mjini.